Ngorongoro kwa siku moja: tuhesabu viti kabla ya kulaumu

Kila kiangazi kinapoanza, Juni kuelekea Julai, malalamiko yaleyale hurudi. Kreta, lile bakuli kubwa la volkano la Ngorongoro, imejaa magari. Vumbi linatimka toka Seneto, njia ya kushukia, mpaka Lerai, njia ya kupandia. Simba mmoja kalala kando ya barabara, magari ishirini yamemzunguka. Na kila mara kidole huelekezwa kwa mtu yuleyule: mgeni wa siku moja, anayetoka Arusha alfajiri, anashuka kreta asubuhi, na jioni anarudi mjini kulala. Huyo, wanasema, amekuja kupiga picha na kukimbia. Angelala ukingoni siku mbili, kreta ingepumua.

Wanaosema hivyo si watu wa kupuuzwa. Wamo waongoza watalii wa siku nyingi walioshuka kreta mara zisizohesabika, na wamo watu wa uhifadhi wanaoipenda ile ardhi kuliko mimi. Nimewasikiliza kwa miaka, na bado naona wamebisha hodi kwenye nyumba isiyo yenyewe.

Ndani ya kreta hakuna mgeni anayelala. Sakafuni hakuna hoteli wala kambi ya watalii. Geti za kushukia hufunguliwa saa 12 asubuhi, na ikifika saa 12 jioni kila gari liwe limeshapanda. Aliyelipia chumba cha bei ya kutisha ukingoni na aliyelala nyumba ya wageni Arusha, wakifika chini wote ni wageni wa mchana. Wanapishana saa ya kufika, basi. Mwenye hoteli anaweza kuwa Seneto jua linachomoza, na wa Arusha anafika saa 3 au saa 4 kama njia imekuwa njema. Kwa hiyo tunapouliza kama siku moja inatosha kreta, tukumbuke kwamba karibu kila mtu hupewa hiyohiyo moja.

Na mahali penyewe ni padogo kuliko picha zinavyoonyesha. Ni kilomita za mraba zipatazo 260, zimezungushiwa kuta zenye urefu wa mita 600 hivi, mabaki ya mlima wa volkano uliodidimia wenyewe zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Ndani yake wanyama wakubwa hukadiriwa kufika 25,000. Serengeti inahitaji siku nyingi kwa sababu wanyama wanahama na wewe unawafuata. Kreta haikudai hivyo. Nyumbu na pundamilia wengi wapo mwaka mzima, viboko wako kwenye chemchemi ya Ngoitokitok, heroe wako Ziwa Magadi maji yanaporuhusu, na yale madume ya tembo yenye pembe ndefu yanazunguka Lerai kwenye migunga. Mtu mwenye saa sita za utulivu huona mengi ya haya bila kukimbizana. Sehemu iliyoumbwa kama bakuli inafaa kutazamwa kwa siku moja, na sioni aibu ya kuficha katika hilo.

Sasa nije kwenye namba ambayo imenikosesha usingizi. Kila gari la watalii linaloshuka kreta hutozwa dola 250, na ukiongeza VAT inakuwa 295. Hiyo ni ya gari, kila linaposhuka, mbali na kiingilio cha kila mtu. Walio ndani wawe wawili au sita, gari hulipa ileile. Wageni wawili wakigawana, kila mmoja anabeba dola 147 na nusu. Sita wakigawana, kila mmoja anabeba dola 49 na senti kidogo. Mwenye pesa haisikii tofauti hiyo. Asiye na pesa nyingi huisikia sana, na huyo ndiye anayekwenda ofisi za Arusha kuuliza kama kuna wenzake wa kuchangia gari. Safari nyingi za kuchangia, zile za kujoini, ndizo hizihizi za siku moja tunazozilaani.

Chukua kalamu. Wageni 100 wakishuka sita sita, ni magari 17. Wageni walewale wakishuka wawili wawili, ni magari 50. Magari 33 ya ziada, na hakuna aliyeongezeka. Haya, rudi kwenye lile vumbi la Seneto na yule simba aliyezungukwa, uniambie nani kaleta gari la kumi na nane. Nimekaa Ngoitokitok wakati wa chakula cha mchana nikahesabu vichwa kwenye magari yaliyoegeshwa. Yaliyokuwa na baba, mama na kamera kubwa, viti vinne nyuma vikiwa na mabegi, mara nyingi yalikuwa na nembo za kampuni zinazouza safari za siku nyingi za kifahari. Yaliyojaa vijana wa mataifa matano wasiojuana jana yake, wamebanana na maboksi yao ya chakula magotini, yalikuwa ya siku moja. Si wakati wote, najua. Wapo wanandoa wa siku moja walio peke yao garini, na zipo familia kubwa zinazolala ukingoni. Lakini bei yenyewe inawasukuma watu huko, na miaka yote tumehesabu siku za mgeni badala ya viti vilivyo vitupu.

Kuna jingine linalopita bila kutajwa. Mgeni anayelala ukingoni anaoga ukingoni. Anatumia maji, umeme wa jenereta au wa jua, shuka zake zinafuliwa, taka zake zinabaki juu ya ule msitu wa milimani unaokamata ukungu na kuuteremsha kama vijito, huku kwenda kreta, kule kwenda mashamba ya Karatu. Wa siku moja anaacha alama za matairi na anaondoka. Kama kweli tunataka kreta ipumue, basi ukingo nao una mapafu.

Upande wa pili una hoja zake, na iliyo nzito kuliko zote ni ya barabara. Kutoka Arusha mpaka Loduare, geti la kuingilia hifadhi, ni kilomita kama 160 za lami, kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu, unapanda ukuta wa bonde la ufa, unafika Karatu. Baada ya geti lami inaisha, unaingia kwenye ukungu wa ukingoni ambako mara nyingine dereva haoni mita kumi mbele. Kwenda na kurudi huchukua muda wa karibu saa nane. Dereva aliyeamka saa 9 usiku kuosha gari anarudi mjini saa 3 usiku, na kesho yake akipata kazi nyingine anaamka tena saa 9. Hiyo ni hatari, na hapa sina utetezi wowote. Kampuni inayompangia dereva mmoja safari tatu za namna hiyo mfululizo inacheza na maisha ya watu. Uchovu huo unaingia pia kreta: mtu anayejua lazima awe amepanda Lerai saa 9 alasiri ataendesha kwa pupa, atafuata kila wito wa redio, na simba akipatikana atakwenda huko na wenzake wote.

Ya pili ni pesa ya Karatu. Mgeni asiyelala hanunui chakula cha jioni, haajiri mhudumu, halipi chumba. Ni kweli. Ila nauliza: je, hoteli za ukingoni ndizo Karatu? Mgeni akilala ukingoni anapita Karatu dirisha limefungwa kama yule wa Arusha tu. Ukitaka Karatu ifaidike, mlaze mgeni Karatu, naye atashuka kreta asubuhi na kurudi jioni. Hiyo nayo ni safari ya siku moja.

Ndiyo niliyofanya na shangazi yangu. Amelima vitunguu Mang'ola maisha yake yote. Kila akileta magunia Karatu anayaona magari ya watalii yanapanda mlimani, na kwa miaka sitini na kitu hakuwahi kuona yanakokwenda. Mwaka jana kikoba chao kikapiga hesabu. Wanawake sita, mimi wa saba, gari moja la kukodi lenye viti vyote vimejaa. Kiingilio cha Mtanzania kilikuwa shilingi 10,000 na VAT juu yake, 11,800. Walilala Karatu kwa ndugu wa mmoja wao, saa 11 alfajiri tukaondoka.

Alipofika mahali pa kutazamia, ukungu ulikuwa bado. Akasimama pale ukutani na kanga mbili mabegani, anangoja, hasemi. Ukungu ukafunguka upande wa Magadi kwanza, ziwa jeupe, kisha majani, kisha vidoti vyeusi. Akaniuliza, "Mwanangu, zile ni ng'ombe?" Nikamwambia ni nyati. Akanyamaza tena. Tulipoteremka akawa anawatajia wenzake kila mnyama kwa jina la kwao. Kilichomsumbua ni twiga. Alitaka kujua kwa nini hayupo, na dereva akamweleza kwamba twiga hashuki: kuta ni kali, na chini majani ya miti anayoyataka ni machache. "Kumbe hata yeye anatazama toka juu," akasema. Ngoitokitok tulikula pilau madirisha yakiwa yamefungwa, kwa sababu mwewe wa pale hawaombi. Nje, kijana mmoja alinyanyua paja la kuku, na kabla halijafika mdomoni limeshaondoka na kucha za ndege, yeye anatazama vidole vyake.

Mtu akiniambia wanawake wale walikuja kupiga picha na kukimbia, tutakosana. Siku ya pili wangeitoa wapi? Ng'ombe wanakamuliwa asubuhi, maji ya vitunguu yana zamu. Ukifanya kreta iwe ya wanaoweza kulala siku mbili, umemfungia shangazi mlango, yeye na walimu, wauguzi na vijana wa vyuo. Ardhi hii ilitengwa na Serengeti mwaka 1959 kwa ahadi kwamba watu na wanyama wataishi pamoja. Wamaasai waliokuwa sakafuni walihamishwa katikati ya miaka ya 1970, na miaka ya karibuni hata mifugo imezuiwa kushuka kufuata chumvi. Kama tumewaambia wenyeji kwamba kreta haiwabebi, basi tuwe waangalifu sana tunapochagua ni mgeni gani inayembeba.

Siku hiyohiyo niliona kile wakosoaji wanachokiona, na kiliniuma. Saa 4 asubuhi faru alikuwa anatoka upande wa Lerai, anakuja nyasini. Faru weusi wa kreta walikuwa zaidi ya 100 katikati ya miaka ya 1960, ujangili ukawamaliza hadi wakabaki chini ya ishirini miaka ya 1990 inaanza, kwa hiyo kila mmoja aliyepo leo ameponea chupuchupu kupitia kwa mama yake au bibi yake. Huyu alifika hatua kama mia moja toka barabarani, akasimama. Mbele yake magari yalikuwa yamejipanga kama ukuta, bonge la msururu, vioo vinamulika. Akageuza masikio, akasubiri. Akarudi alikotoka. Shangazi akauliza, "Mbona hawampishi?" Dereva wetu hakuwa na jibu. Naye alikuwa kwenye foleni.

Ukuta ule ulijengwa na saa. Wa Arusha wote hufika kati ya saa 3 na saa 5, wa ukingoni waliochelewa kunywa chai nao wanashuka saa hizohizo, na faru hana mahali pa kupita. Alasiri, magari mengi yalipokwisha kupanda, tulikaa karibu nusu saa kwenye barabara ileile tukiwa na magari mawili tu. Kreta ileile na siku ileile. Kumpangia kila gari zamu ya kushuka, kama daktari anavyopangiwa wagonjwa wake, kungemsaidia faru kuliko kumkataza mtu wa Arusha. Wanaotoka mbali wapewe zamu ya mchana na warudi kulala Karatu, dereva naye apate usingizi wake. Wanaolala jirani wapewe alfajiri, na wasipoitumia imepita. Waongozaji watapinga kwa sababu simba huonekana vizuri asubuhi. Ni kweli, huonekana vizuri. Ila mtu aliyelipia nafasi ya saa 7 na akajua toka mwanzo hatakuwa na haraka ya aliyechelewa.

Na ada ya gari iguswe. Dola 295 kwa gari lenye watu wawili na dola 295 kwa gari lenye watu sita ni bei moja kwa mizigo miwili tofauti. Gari likijaa lipunguziwe, gari lenye viti vitupu lilipie viti hivyo. Kampuni za kifahari zitasema wageni wao wananunua faragha, na hawadanganyi. Faragha hiyo inakaa barabarani, inatimua vumbi, na faru anaizunguka, kwa hiyo ina bei yake. Kutekeleza hakuhitaji mtambo mpya wala utafiti wa miaka mitatu: kibali anachoonyesha dereva pale Loduare kimeandikwa gari moja, na mstari mwingine kimeandikwa wageni wangapi.