Johansson na Disney: milioni 20 zilizoficha hesabu yenyewe

Mwigizaji Scarlett Johansson alipoifungulia Disney kesi Los Angeles, tarehe 29 Julai 2021, akidai imevunja mkataba wake kwa kuiachia filamu ya Black Widow mtandaoni siku ile ile ya kumbini, kampuni ilimjibu kwa kuanika malipo yake. Ilimwita mtu asiyejali madhara ya korona, kisha ikaongeza kwamba tayari ameshapokea dola milioni 20. Pale pale mjadala ukahama kwenye mkataba ukahamia kwenye tumbo lake: dunia inazika watu, tajiri anadai bonasi. Wengi hadi leo wanaikumbuka kesi ile kwa namba hiyo moja, na ndiyo namba isiyoeleza kitu.

Huyu hakuokotwa jana. Alizaliwa New York mwaka 1984, akaingia kwenye filamu mwaka 1994 akiwa bado mtoto, na akaanza kucheza Black Widow, shujaa wa filamu za Marvel, mwaka 2010. Jarida la Forbes lilimweka juu ya waigizaji wote wa kike kwa kipato mwaka 2018 (dola milioni 40.5) na tena 2019 (milioni 56). Hizo ni kabla ya makato, jambo ambalo kurasa za “utajiri wa mastaa” hulisahau kila mara. Wakala huchukua asilimia 10 na mwanasheria kwa kawaida 5, kwa hiyo kwenye milioni 20 tatu zimeondoka kabla kodi haijabisha hodi. Kodi ya serikali kuu ya Marekani kwa kipato cha juu ni asilimia 37, na kwa mkazi wa New York jimbo na jiji huongeza zaidi ya 10. Mkononi hubaki milioni nane au tisa. Hakuna wa kumlilia, lakini milioni 20 za kwenye habari si milioni 20 za benki.

Zaidi ya hapo, nyota wa ngazi yake halengi malipo ya mbele peke yake. Mkataba wake na Marvel, studio iliyo chini ya Disney, uliosainiwa kupitia kampuni yake ya Periwinkle, ulikuwa na bonasi zilizopanda ngazi kwa ngazi kulingana na mapato ya milangoni. Captain Marvel, filamu nyingine ya studio hiyo, ilivuka dola bilioni 1.1 mwaka 2019, kwa hiyo hizo ngazi hazikuwa ndoto. Disney ilipoiachia Black Widow tarehe 9 Julai 2021 kwenye kumbi za sinema na kwenye Disney+, huduma yake ya kutazama filamu mtandaoni, siku hiyo hiyo, kwa dola 29.99, iliigusa hesabu hiyo moja kwa moja.

Chukua familia ya watu watano. Wakienda sinema, kwa tiketi ya dola 10 hivi, mlangoni panaingia 50. Mwenye ukumbi hukata karibu nusu, studio ikabaki na 25 au zaidi kidogo. Wakikaa kwenye sofa wanalipa 29.99 mara moja, wanarudia kuitazama wapendavyo, na jirani akija hakatiwi tiketi. Fedha hiyo karibu yote ni ya Disney, isipokuwa pale muamala ulipopitia duka la programu la mtu mwingine. Kwa studio, sofa inalipa sawa na ukumbi au kuuzidi. Kwa mwigizaji ambaye bonasi yake hupimwa kwa kile kilichoingia mlangoni, 50 imegeuka 30 hata akihesabiwa ya nyumbani, na sufuri asipohesabiwa. Familia ni ile ile, filamu ni ile ile, ila kati ya studio na mwigizaji, mmoja tu ndiye aliyepoteza. Na mteja aliyevutwa na filamu hubaki akilipia Disney+ kila mwezi, faida ambayo haipiti kwenye ngazi yoyote ya bonasi.

Wikiendi ya kwanza Marekani ilileta dola milioni 80, pamoja na zaidi ya 60 za nyumbani duniani. Wikiendi ya pili milangoni ziliingia karibu 26. Nakala safi za wizi zilikuwa zimeshasambaa.

Disney nayo ilikuwa na hoja, na nzito. Filamu ilikuwa imeahirishwa mara tatu, na kumbi nyingi zilikuwa bado hazijajaa. Kifungu cha mkataba kilitaka kumbi pana, angalau skrini 1,500. Marekani peke yake zilipita 9,000. Neno “pekee”, yaani kumbini tu, halikuandikwa. Mawakili wa kampuni walisema pia kwamba mauzo ya Disney+ yangeingizwa kwenye hesabu ya bonasi ingawa mkataba haukuwalazimisha. Upande wa Johansson ulishika barua pepe ya Machi 2019 ya mwanasheria wa Marvel, ikiahidi kwamba mpango ukibadilika watakaa na kuelewana, kwa sababu dili lilijengwa juu ya bonasi kubwa za milangoni. Barua pepe si mkataba, na mbele ya jaji hapo ndipo pangekuwa pagumu kwake.

Lakini utetezi wa korona haukukaa vizuri kwa muda mrefu. Septemba ya mwaka ule ule Disney iliiachia Shang-Chi, filamu nyingine ya Marvel, kumbini tu, nayo ikafika dola milioni 432; Black Widow iliishia 379. Na studio ya Warner Bros., iliyoziachia filamu zake za 2021 kumbini na kwenye huduma ya mtandaoni ya HBO Max siku moja, iliripotiwa kuwalipa wasanii wake zaidi ya dola milioni 200 kufidia bonasi. Kukaa mezani kuliwezekana.

Tarehe 30 Septemba 2021 pande mbili zilimalizana bila kutangaza kiasi, na Johansson akatajwa tena kwenye miradi ya Disney.