Tope la Kibosho Linatosha

Mtu akinunua baiskeli ya mashindano hapa Moshi, kesho yake utamkuta barabara ya Arusha, amebanwa kati ya basi na bodaboda, eti ndiyo mazoezi. Kwa maoni yangu tunawahatarisha vijana bure, wakati huku juu Kibosho tuna tope la kutosha kwa saiklokrosi, yaani mbio za baiskeli za kwenye matope.

Mtazameni Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa. Mwaka 2014 alitwaa ubingwa wa dunia wa barabarani. Januari 2015 akaongeza wa saiklokrosi, na Septemba hiyo hiyo wa baiskeli za milimani. Kushika mataji yote matatu kwa wakati mmoja, hakuna aliyewahi kabla yake, awe mwanamume au mwanamke. Halafu mambo yakamgeukia: mbio za milimani za Olimpiki ya Rio 2016 aliishia njiani, na 2019 akafanyiwa upasuaji wa mshipa wa damu uendao mguuni. Wengi wangekuwa wameshatundika baiskeli ukutani. Yeye akapata dhahabu ya milimani Paris 2024, ndipo akarudi kwenye lami, na 2025 akabeba mbio za siku moja za Paris–Roubaix pamoja na Tour de France, zote za wanawake. Alikuwa na miaka 33!

Saiklokrosi yenyewe ni mzunguko mfupi, kama kilomita tatu hivi, unaorudiwa kwa karibu saa moja juu ya majani, mchanga na matope. Kuna ngazi na viunzi vya mbao. Mwendeshaji akikaribia kiunzi anarusha mguu wa kulia nyuma ya siti huku baiskeli bado inakwenda, anatua akikimbia, fremu ameiinua mkononi au begani, kisha anarukia siti tena bila kusimama. Wazungu hufanya haya kwenye baridi kali. Sisi tungefanya masika.

Na nani asiyemjua kijana wa Kibosho anayeshusha ndizi mjini alfajiri? Mikungu imefungwa nyuma kwa mpira, breki zimekwisha, kandambili inaburuzwa chini ili baiskeli ipunguze mwendo. Kwenye utelezi anaruka chini, anaishika usukani na siti, anaivusha mfereji, anapanda tena. Huyo ukimpa baiskeli nzima na kocha, hutaanza kumfundisha mizani.

Najua hoja ya gharama. Mabingwa wa Ulaya wana baiskeli mbili au zaidi kwa kila mbio. Moja ikijaa tope, fundi anaiosha huku mwenyewe yuko juu ya nyingine. Sawa, hizo ni zao. Sisi tuanze na uwanja wa shule, kamba, mbao chache na ndoo za maji. Hakuna polisi wa kufunga barabara, hakuna lori la kumgonga mtoto wa mtu, na mtazamaji anamwona mchezaji kila baada ya dakika chache badala ya kusimama juani kwa muda wa saa tatu ili apitwe mara moja.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mabinti. Wazazi wengi huku bado wanaona msichana juu ya baiskeli ni utoro wa kazi za nyumbani. Kwa hiyo mbio za kwanza ziwe zao, saa nne asubuhi, watu wakishajaa. Wavulana wasubiri mchana, tope likiwa limeshachimbika vizuri.