Sikupigwa shoti, nilikalia snea

Wadau, tuanze na kusafisha jina. Ile voisi inayozunguka kwenye magrupu kwamba nimepigwa shoti ya volti 340 nikarushwa mpaka darini ni uongo, mpiga besi wetu anajua kutia chumvi ila hii kamimina mfuko mzima. Volti 340 zilikuwepo kweli ndani ya amplifaya, lakini hazikunigusa. Kilichonimaliza mimi ni nukta.

Iko hivi. Ile amplifaya yetu ndogo ya valvu (zile taa za kioo za kukuzia sauti), yenye valvu moja ya aina ya 6V6, rizista ya katodi, yaani ya ule mguu ambao mkondo wa valvu unapitia, ilikuwa imechoka, nikasema nabadilisha mwenyewe, fundi wa nini na hesabu ninazo? Nikapima: volti 19 kwenye rizista ya omu 470, gawanya, unapata miliampea 40. Mpaka hapo niko vizuri, mtu asinisogelee. Sasa kutafuta wati lazima miliampea uzigeuze ampea, na mimi kwa kujiamini nikaandika 0.004. (Mliojua mmeshaanza kucheka, subirini kwanza.) 19 mara 0.004 ni wati 0.076, nikawaambia wenzangu hata rizista ya robo wati hapa itakuwa likizo, nikaifunga hiyohiyo. Valvu nayo, volti 321 kati ya katodi na pleti (ncha yake ya pili, yenye volti kubwa) mara ileile 0.004, ikaja wati 1.3, na uwezo wake ni 12, nikatangaza kwa sauti kwamba itarithiwa na wajukuu. Hakuna aliyebisha! Bendi nzima hakuna anayejua kugawanya kwa elfu.

Tukawasha. Chasi imegeuzwa matumbo nje, mkono wa kulia nimeshika waya za mita ya kupimia, wa kushoto nimeutia mfukoni, maana ndivyo tunavyofundishwa, umeme ukiingia mkono huu ukatokea ule unapita kifuani. Mpiga gitaa akaachia kodi moja ndefu. Naitazama rizista yangu mpya na mistari yake ya rangi: njano, zambarau, kahawia. Natabasamu. Kiharufu kikaja, nikasema hilo vumbi la valvu linaungua, kawaida. Nikatazama tena, zambarau imekuwa kahawia. Halafu njano nayo ikawa kahawia. Mistari yote kahawia na mimi bado namwambia mpiga besi "hesabu haidanganyi bana", huku uzi mwembamba wa moshi unapanda kati ya sura yake na yangu, ananitazama mimi, anautazama moshi, ananitazama tena, wala hasemi kitu, mnafiki yule.

Rizista ikakata. Gitaa likanywea. Sasa katodi haina pa kupitishia mkondo, volti zake zinapanda, na ubavuni kuna kapasita, kifaa cha kutunza chaji, ya kuhimili volti 25 tu, ambayo rizista jirani yake imeshaikaanga muda wote huo.

PAA!

Kapasita imepasuka, vipande vya karatasi ya ndani yake hewani. Nikaruka kinyumenyume, na mtu mwenye mikono yake angeitanguliza, ila mimi mmoja umeng'ang'ania mita na mwingine uko mfukoni hautoki. Nauvuta, hautoki. Nasikia kabisa naondoka, nasikia suruali inaachia kuanzia mfukoni kushuka chini, nakumbuka nyuma yangu kuna drams, najaribu kukumbuka zimeanzia wapi, na hapo makalio yakanijibu: yametua katikati ya snea, ngozi ikapasuka, nikazama mpaka kiunoni, miguu juu. Saimbo ikadondoka, tssss. Mita ikaja mwisho na waya zake ikanigonga kwenye paji la uso.

Kimya. Aliyefungua mdomo wa kwanza ni mpiga drams: "Snea imepona?"

Yaliyofuata hayana maana. Tukazima, tukamwaga chaji kwenye kapasita kubwa mpaka mita ikasoma sifuri, nikapiga hesabu upya mbele ya mashahidi: 0.040, wati 0.76, yaani mara tatu ya nilichokuwa nimekifunga. Na ile valvu ya wajukuu ilikuwa inakula karibu wati 13. Nikafunga rizista ya omu 560 ya wati 5, ili mkondo upungue, na kapasita ya volti 63, sasa inalia safi. Ngozi ya snea nimelipa.

Na wewe uliyeandika kwenye status kwamba boksa ilikuwa nyekundu, ilikuwa ya bluu, kama unaeneza eneza kwa usahihi.