Kura Moja ya Droo ya Tenisi, na Nafasi Inayopotea

Barazani Mkunguni, hapa Lamu, mtu akisema kwamba droo, yaani kura ya kupanga nani akutane na nani, ndiyo iliyowanyima Alcaraz na Djokovic kombe la tenisi la Australia 2025, hujibiwa papo hapo: bingwa hachagui wa kucheza naye. Watu huridhika, mazungumzo yakaishia hapo. Lakini ukikaa ukapiga hesabu, mlalamishi ana haki yake.

Kwenye mashindano makubwa manne ya tenisi huingia wachezaji 128, na 32 walio bora hutawanywa wasikutane mapema. Nambari 1 kwa ubora hukaa mstari wa 1 wa orodha ya droo, nambari 2 mstari wa 128. Nambari 3 na 4 hupigiwa kura: mmoja huenda mstari wa 33, mwenzake wa 96. Shida yote imo katika kura za namna hiyo.

Chukua wachezaji watatu wanaolingana. Wao kwa wao ni nusu kwa nusu. Mwingine yeyote wanamshinda mara 95 katika 100. Wote wamefika nusu fainali. Aliye peke yake upande wake ana 0.95 mara 0.5, yaani asilimia 47.5 ya kutwaa kombe. Wale wawili waliobanwa pamoja wana takriban asilimia 26 kila mmoja. Mkono ni ule ule, mazoezi ni yale yale, ila mmoja atawakuta mahasimu wawili, mwingine atamkuta mmoja tu kwa sababu wa pili keshaondolewa na mwenzake. Karibu nusu ya nafasi imekwenda kabla mpira haujapigwa.

Ndivyo ilivyokuwa Melbourne, kwenye kombe hilo la Australia. Sinner, nambari 1, alikuwa nusu ya juu ya droo. Zverev, Alcaraz na Djokovic wote nusu ya chini. Djokovic, aliyeingia kama nambari 7, alikutana na Alcaraz robo fainali. Akamshinda kwa seti nne, msuli wa mguu ukaumia, na kwenye nusu fainali dhidi ya Zverev akaacha baada ya seti moja. Sinner alitwaa kombe kwa haki kabisa, bila kukutana na Alcaraz wala Djokovic.

Wanaopinga nao wana ushahidi. Kwenye kombe la Ufaransa, Paris 2021, Djokovic alimtoa Nadal nusu fainali, kisha fainali akatoka nyuma kwa seti mbili akamshinda Tsitsipas. Mwaka uliofuata Nadal, akiwa nambari 5, alimtoa Djokovic robo fainali na kombe akalichukua. Tena wakubwa huanguka mapema, njia iliyoonekana ngumu ikafunguka. Wanasema pia kwamba kura husawazika kwa miaka. Husawazika, kweli, kwa anayecheza miaka kumi na tano. Aliye na misimu mitatu ya ubora wake hapati kura za kutosha kusawazishia chochote.

Anayeandaa bao au keramu ya mtoano hapa Lamu hukumbana na jambo hilo hilo. Kwa watu 16, bora aende mstari wa 1, wa pili mstari wa 16, wa tatu na wa nne wapigiwe kura kati ya wa 5 na wa 12, vikaratasi vitolewe mbele ya watu. Wakiwa 13, nafasi tatu tupu ziwe kando ya nambari 1, 2 na 3. Majina yote yakichanganywa kofiani, mafundi wawili wanaweza kukutana raundi ya kwanza, na ikifika fainali baada ya alasiri watazamaji wamekwisha kwenda zao.