Mshairi wa upande ulioshindwa

Tumezoea kuzisoma tenzi zetu za vita kama sifa za mashujaa tu: panga zinang'aa, damu inamwagika, wema wanashinda, basi. Nayapinga mazoea hayo. Ukizipanga tenzi hizo kwa miaka yake, utaona kwamba washairi wetu hawakuwahi kukubaliana kuhusu vita, na tofauti yao haitokani na ushujaa wa huyu au woga wa yule. Inatokana na mahali alipokaa mshairi siku bunduki zilipolia, na watu aliotarajia wamsikilize.

Chukua Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo wa Athumani. Unasimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Warumi. Katika historia, msafara wa Tabuk (ndio Tambuka ya utenzi) wa mwaka 630 haukufikia mapigano na Warumi. Jeshi lilikwenda, likakaa, likarudi. Mwengo alizipokea habari hizo kwa masimulizi, karne kumi na moja baadaye, akazijenga kwa beti zaidi ya elfu moja. Vita vikiwa mbali kiasi hicho vinaweza kuwa safi. Kila kifo kina maana na kila shahidi anajua aendako. Simlaumu, na utenzi wenyewe ni mzuri mno. Lakini huo na tenzi nyingine za maghazi, yaani masimulizi ya vita vya Mtume na Waislamu wa mwanzo, ndizo zilizowarithisha washairi waliofuata kalibu yao: mizani nane, dua ya kufungulia, mashujaa wanaojibizana kabla ya kushikana, kisha ushindi.

Muyaka bin Haji wa Mombasa hakuwa mbali na vita hata kidogo. Vyake vilikuwa vya majirani: Mombasa na Pate dhidi ya Lamu, pale Shela, mnamo 1812, kisha Wamazrui, watawala wa Mombasa, dhidi ya Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja, hadi Mombasa ilipochukuliwa mwaka 1837. Na huko Lamu, Bwana Zahidi Mngumi alikuwa akitunga kuwahimiza watu wake wasimame. Kwa washairi hawa vita ni heshima ya mji, na adui ni mtu anayejua Kiswahili kama wewe na atayasikia maneno yako kabla ya mwezi kuandama. Ukali upo, tena mwingi, lakini ni ukali wa watu watakaooana tena baada ya vita.

Halafu anakuja Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, na kwake ndiko moyo wangu ulipo.

Aprili 1888 Seyyid Khalifa, sultani wa Unguja, aliikabidhi kampuni ya Kijerumani utawala wa Mrima, pwani ya bara inayoikabili Unguja, kwa mkataba. Agosti mwaka huohuo maofisa wa kampuni wakaingia Pangani kupandisha bendera yao, na watu wakakataa. Abushiri bin Salim akaongoza. Bwana Heri akasimama Saadani. Mwaka 1889 Ujerumani ikamtuma Hermann Wissmann na askari wa Kisudani pamoja na wengine waliotolewa Msumbiji, na tarehe 15 Desemba Abushiri akanyongwa palepale Pangani. Hemedi, mtu wa pwani ya Tanga, aliyatunga hayo majeraha yakiwa bado mabichi, katika utenzi tunaoujua leo kwa jina la Vita vya Wadachi (Wajerumani) Kutamalaki Mrima.

Alitumia kalibu ileile ya maghazi. Fikiria ugumu wake! Sanaa aliyorithi ilijengwa kwa ajili ya Waislamu kuwashinda makafiri, naye ana vita ambavyo makafiri wameshinda, wamenyonga, na wamebaki kutawala. Mwengo aliweza kuongeza mapigano pale ambapo hayakuwepo. Hemedi hakuwa na nafasi hiyo, kwa kuwa wasikilizaji wake walikuwa watu wa Pangani na Tanga, waliona wenyewe kwa macho yao. Kwa hiyo anataja miji, anataja watu, anawapa haki yao waliosimama, na mwisho haurembi. Naamini hili ni jambo kubwa kuliko yote katika ushairi wetu wa vita: mtu kuishika sanaa ya washindi akaitumia kuwatunza walioshindwa, bila kudanganya kuhusu nani alishinda.

Zama hizohizo wako waliowasifu Wadachi kwa Kiswahili fasaha. Carl Velten, Mjerumani, alichapisha mkusanyo mwaka 1907 na mashairi ya aina hiyo yamo. Wako wanaosema tuyatupe. Hapana. Watungaji wake walijua nani angesoma na nani alikuwa na kamba ya kunyongea, na kuyasoma kwa makini kunatufundisha jinsi utawala unavyoingia mpaka kwenye vina.

Shaaban Robert ananisumbua zaidi, kwa njia njema. Alizaliwa Machui mwaka 1909, Tanga ileile ya Hemedi, wakati Wajerumani wangali wanatawala. Ilipokuja vita ya pili ya dunia, yeye akiwa mtumishi wa serikali ya Waingereza, alitunga utenzi wa beti zipatazo 3,000 na kuuita Utenzi wa Vita vya Uhuru. Uhuru, ilhali Tanganyika yenyewe haikuwa nao! Baadhi ya wasomaji humwona kibaraka kwa hilo. Mimi siwezi. Mtoto wa pwani ile alikuwa na sababu zake za kutotaka Ujerumani irudi, na aliamini kwa dhati kwamba neno uhuru likishatamkwa kwa ajili ya Ulaya, haliwezi kuzuiwa lisifike kwetu. Hata hivyo vita vyake ni vya redio na magazeti, na mshairi aliyevisikia hivyo huona majeshi na mataifa kuliko anavyomwona askari mmoja mwenye kiu.

Huyo mwenye kiu ndiye tunayemkosa. Katika vita ya 1914 hadi 1918 Waingereza peke yao walichukua wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja katika Afrika Mashariki, na waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, wanakaribia laki moja. Dar es Salaam inawakumbuka kwa jina la Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Utenzi wao mkubwa uko wapi? Zimebaki nyimbo za safari, kama ule wa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) unaouliza safari hii ni amri ya nani, na kujibiwa kwamba ni amri ya bwana kapteni. Hakuna shujaa humo, hakuna pepo, hakuna heshima ya mji. Kuna mzigo, njia, na mtu mwingine aliyeamua.

Ningependa walimu wa fasihi wamweke Hemedi na Shaaban Robert katika wiki moja, pamoja na wimbo huo wa askari, kisha wawaache wanafunzi wabishane mpaka kengele ilie.