Majina ya Kigaeli ya Lewis: sauti kwanza, maana baadaye

Wengi wanaokwenda kukusanya majina ya mahali kisiwani Lewis, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, kunakozungumzwa Kigaeli, huanza kwa swali baya kuliko yote: jina hili lina maana gani? Mzee aliyeulizwa hapendi kumwangusha mgeni, basi humtafutia maana. Ndivyo majina yaliyobaki tangu enzi za wafalme wa Norwe, waliokabidhi visiwa hivi kwa Uskoti mwaka 1266, yanavyotungiwa hadithi za Kigaeli. Majina ya vijiji kama Siabost na Mealabost hayahitaji hadithi. Hiyo -bost ni neno la kale la Kinorwe la shamba lenye makazi. Maana iulizwe mwisho, na iandikwe kuwa ni maelezo ya msemaji.

Ramani nayo isitangulie. Ukimtandikia mtu ramani yenye majina, atakusomea yaliyochapishwa. Mpe picha ya angani isiyo na maandishi. Vitabu vya majina vya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, vya katikati ya karne ya 19 vinasomeka bure mtandaoni, na vinaonyesha tahajia mbalimbali pamoja na aliyezithibitisha. Mara nyingi utamkuta mchungaji wa kanisa, mwalimu au msimamizi wa ardhi, si mchunga ng'ombe aliyekijua kila kijito. Vifungue baada ya mahojiano, kwa kulinganisha tu.

Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya kHz 48, kinasa sauti kikiwa sentimita 20 hivi kutoka mdomoni na kimevishwa kofia ya manyoya. Upepo ukishaingia, programu ya kuusafisha hula na konsonanti laini. Taja tarehe, mahali na, kwa idhini yake, jina la msemaji. Kisha jina litamkwe mara mbili likiwa peke yake, na mara moja ndani ya sentensi. Hapa ndipo wageni huteleza: An Cnoc, "kilima", ndani ya sentensi huwa air a' Chnoc, "juu ya kilima", na asiyejua ataandika Chnoc kana kwamba ndilo jina lenyewe. Irabu ndefu nazo zisipotee. Bata ni fimbo, bàta ni mashua.

Kwenye jedwali weka safu mbili za tahajia: ya kawaida, na nyingine inayofuata matamshi ya kijiji. Anayezichanganya ameua lahaja.

Kuhusu mahali, namba sita za gridi ya ramani za Uingereza hukupa mraba wa mita 100, na nyika ya Lewis ina viziwa vingi mno kwa kipimo hicho. Tumia namba nane, upate mita 10, na usisahau herufi NB za mraba wa gridi wenye Lewis, maana bila herufi namba zilezile hujirudia kila kilomita 100. Latitudo za WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, zikichanganywa na za ramani za zamani, alama huhama kwa makumi ya mita na kijito kikaangukia bonde la jirani. Isitoshe, nukta haitoshi kwa kila kitu. Druim ni mgongo wa ardhi, uchore mstari; malisho ya kiangazi yachorewe eneo.

Alama za wavuvi ndizo hupuuzwa zaidi, na kwangu ndizo za kuwahi kwanza. Mahali pa kuvulia hapana kitu cha kuonekana: hupatikana mistari miwili inapokutana, kwa mfano dohani ya nyumba ikiwa sawa na mwamba, na ncha ya rasi ikiwa sawa na kilele nyuma yake. Andika vitu vyote vinne, pima pembe ya kila mstari, upige picha ukiwa baharini. Dohani ikibomolewa mstari mmoja umekwenda, kwa hiyo chukua nukta ya msingi wa nyumba pia.