Tozo ya SDL: tumebishania asilimia, tukasahau nani anapanga

Bajeti ikikaribia, waajiri wa Tanzania kupitia chama chao, ATE, hurudi na ombi lilelile: tozo ya kuendeleza ufundi stadi (SDL), wanayolipa kama asilimia ya mishahara, ipunguzwe. Na wengi huwajibu vilevile, kwamba wanataka mafundi bila kuwagharamia. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Ila inaifunika hoja nzito zaidi ya waajiri, ambayo ni ya utawala: anayelipa haoni fedha yake inakoishia, na hana sauti ya kutosha katika kupanga kinachofundishwa.

Chukua karakana ya watu 12 wenye mshahara wa wastani wa shilingi 500,000. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 kilichoanza Julai 2023, mwenye karakana hulipa TRA, mamlaka ya mapato, shilingi 210,000 kila mwezi, sawa na 2,520,000 kwa mwaka, na hizo ni fedha zake, hamkati mfanyakazi. Kwa miaka mingi mgawanyo umekuwa theluthi moja kwa VETA, mamlaka inayosimamia mafunzo ya ufundi stadi, na theluthi mbili zimekwenda kwenye mikopo ya elimu ya juu. Kwa mgawanyo huo, kinachofika kwenye ufundi ni kama shilingi 840,000. Kinachobaki kinasomesha vijana wa vyuo vikuu. Ni jambo jema, lakini fedha hiyo ilichangwa kwa jina la ufundi stadi.

Upungufu huu unaonekana vizuri zaidi kwenye darasa la uchomeleaji. Pakiti ya kilo 5 ya vijiti vya kuchomelea vya milimita 3.2 ina vijiti 150 hivi, na kijiti kimoja huungua kwa dakika moja na kidogo. Wanafunzi 20, kila mmoja akitumia vijiti 20 kwa siku ya mazoezi, wanamaliza karibu pakiti tatu, mbali na vyuma, mawe ya kusagia na umeme. Fedha ya vifaa ikichelewa, mwalimu hana ujanja: anawapanga watano kwa kijiti kimoja, mmoja anachomelea, wanne wanatazama. Mshono wa bapa, ambao ndio rahisi, wanaujaribu wote. Mshono wa wima na ule wa juu ya kichwa, ambako chuma kilichoyeyuka hudondoka usipojua kuufupisha moto na kutuliza mkono, wanaishia kuusoma kwenye daftari. Kijana anahitimu na cheti halali, na mwajiri anaanza kumfundisha upya kwa vijiti vyake mwenyewe. Amelipa mara mbili. Anapoomba afueni, tunamwita bahili.

Upande wa Serikali nao una hoja. Bila tozo, kila mwajiri angesubiri mwenzake afundishe, kisha amnyang'anye fundi kwa nyongeza kidogo ya mshahara. Na wapo wanaolalamika kwamba wahitimu hawajui kazi, huku wakikataa kumpokea mwanafunzi hata kwa wiki chache za mafunzo kazini. Hapo hakuna wa kuwatetea.

Lakini tazama kupunguza tozo kumefanya nini. Ilipokuwa asilimia 6, theluthi ya VETA ilikuwa sawa na asilimia 2 ya mishahara. Kwa 3.5, theluthi hiyo hiyo ni kama asilimia 1.17. Kwa kila shilingi ya mshahara inayotozwa, fungu la ufundi limeshuka kwa zaidi ya theluthi moja, na idadi ya chini ya wafanyakazi inayomfanya mwajiri atozwe imepandishwa kutoka 4 hadi 10, kwa hiyo walipaji wadogo wametoka kabisa. Ni kweli mishahara na ajira zikikua makusanyo nayo hukua. Lakini katika kipindi hichohicho tumejenga vyuo vya wilaya kwa kasi kubwa, na kila chuo kipya ni mdomo mwingine wa kulishwa vijiti, mbao, nyaya na walimu, mwaka baada ya mwaka. Majengo yana mfadhili na siku ya uzinduzi. Vifaa vya kufundishia vinategemea chungu hiki kinachopungua.

Kwa hiyo waajiri wanapoomba asilimia ishuke tena bila mgawanyo kuguswa, wanajiumiza wenyewe. Wangedai mgawanyo ubadilike, hata kiwango kikibaki palepale, wangekuwa na hoja ngumu kuipinga. Kenya, mwajiri hulipa tozo ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, shilingi 50 ya huko kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na anaweza kurejeshewa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Kiasi ni kidogo, lakini njia ya fedha kumrudia anayefundisha ipo.

Hapa kwetu, hatua ya kwanza haihitaji hata sheria mpya. Chuo kisidahili fani yoyote kabla bajeti yake ya vifaa kwa kila mwanafunzi haijathibitishwa kwa muhula mzima, na waajiri wa mkoa husika waone hesabu hiyo kabla fani haijachaguliwa. Fani ambayo hawawezi kuiajiri wala kuipokea kwa mafunzo kazini iahirishwe, hata kama karakana yake imeshajengwa.